Maji Niliyoyamwaga Kwenye Mtihani

Nilikulia Kilembwe, na shuleni kwetu kemia yote ilikuwa ya chaki. Mwalimu alichora ubaoni bomba la kioo lenye mistari ya kipimo, akachora maji ndani yake kwa rula, nasi tukasoma yamefika mstari gani. Mimi nilisoma vizuri kuliko wote. Usinicheke bado.

Nilipopata diploma ya sekondari nikataka kusomea ukunga mjini Baraka. Baba alikubali kwa sharti la jaribio moja tu la mtihani wa kuingia; nikishindwa, nirudi kufundisha darasa la kwanza pale kijijini. Baba yangu akisema neno, amesema. Nikapanda pikipiki hadi Baraka, nikafikia kwa mama mdogo, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, naye akanilisha kana kwamba mtihani unafanywa kwa tumbo.

Mtihani wa kuandika niliumaliza mapema, nikajivuna. Mchana tukaingia watano watano kwa mkunga mzee aliyesimamia vitendo. Kila mmoja aliwekewa bomba la kioo, maji ndani. "Musome," akasema.

Nikainama. Maji hayakulala sawa: pembeni yamepanda kwenye kioo, katikati yamebonyea. Maji ya mwalimu wangu hayakuwahi kufanya hivyo. Nikaona kioo ni kichafu, na mkunga gani atumie chombo kichafu? Nikayamwaga dirishani, nikapangusa kioo kwa upindo wa kitenge changu, nikamimina mengine kutoka kwenye ndoo. Yakabonyea vilevile.

Wenzangu wakacheka. Mkunga akaja taratibu. "We mutoto, maji yenye ulimwanga ndiyo ilikuwa kiulizo."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nikaanza kuwaona watoto wa darasa la kwanza wakinisubiri.

"Kule kwenu mulisomea na kioo ya namna gani?"

"Ya chaki, mama. Mwalimu alikuwa anaichora ku tablo."

Hapo hakucheka. Aliandika sifuri, nikaiona, kisha akainama kando yangu. "Zero ni zero. Lakini angalia: maji inapandaka ku kioo, ni tabia yake. Weka jicho sawa na maji, usome pale chini katikati."

Siku tatu sikula vizuri, mama mdogo akaudhika. Orodha ya waliofaulu ilipobandikwa, jina langu lilikuwa la mwisho kabisa. Maandishi ya asubuhi yaliniokoa. Nililia mbele ya watu wala sikuona haya.

Leo mimi ni mkunga, na kila mwaka hurudi Baraka kusaidia kuwapima wanaoomba kuingia. Vitendo ni zamu yangu. Wengi wanatoka Lulimba, Minembwe na kwetu, na chaki yao naijua. Maji nayapima mwenyewe, na namba naiandika kwanza kwenye karatasi; mtu akiyamwaga, tunapima na kuandika upya. Kando ya ndoo naweka kitambaa safi.

Mwaka huu binti mmoja alikitazama kioo chake muda mrefu, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama anaweza kukipangusa. Nikamwambia amwage, apanguse, amimine tena, halafu tukainama wote wawili kuyasoma.