Chai ya Wakwe

Mwezi uliopita nilikuwa Ishiara, nyumbani kwa shangazi yangu, mahali ambapo joto la adhuhuri humfanya hata mwenye haraka aongee polepole. Mjukuu wake wa kwanza alikuwa amefuzu chuo, na vijana walikuwa wamepanga meza ya vinywaji vikali barazani: wiski, jini, ramu, brandi, pamoja na ndoo ya barafu iliyokuwa ikiyeyuka kabla ya kutumika. Kijana mmoja aliyejifunga aproni alizunguka akimuuliza kila mtu anavyopenda chake. Huyu alitaka jini na soda ya ndimu. Yule alitaka wiski juu ya barafu, bila kitu kingine. Zamu ilipomfikia mume wa shangazi, ambaye sasa ni mzee wa mkongojo, alisema bila kuinua macho, "Mimi brandi. Na maji moto. Na asali."

"Maji moto, guka? Na hili jua?" kijana wa aproni alimuuliza babu huyo.

"Guka anataka kuoga!" akasema mwingine, na baraza zima likaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Niliinuka nikaenda jikoni kutafuta birika, kwa sababu kinywaji hicho nilikiona kikizaliwa. Keti nikusimulie, maana waliokuwapo siku ile tumebaki wachache.

Nililelewa na nyanya yangu, mama ya baba, karibu na Muthara, kwenye miteremko ambako asubuhi ukungu huketi juu ya miraa na migomba kama mgeni asiyetaka kuaga. Jiko lake lilikuwa nyumba ndogo ya mabanzi yenye kuta zilizong'aa kwa moshi. Humo ndimo nilimojifunza karibu kila kitu ninachokijua kwa mikono: kusugua sufuria kwa majivu, kuponda ndizi na njahi, yale maharagwe meusi, bila kuacha mabonge, kupuliza moto bila kujijaza majivu machoni. Nyanya alikuwa na desturi moja ambayo mpaka leo naiona nikifumba macho. Kila alichopika alidondosha tone lake katikati ya kiganja cha mkono wa kushoto, kisha akalilamba. Uji, mchuzi, dawa ya kikohozi, vyote vilipita pale kwanza. Kiganja hicho kilikuwa mizani ya nyumba yetu.

Kitu kimoja hakikupita pale kamwe, nacho ni pombe. Mdogo wake wa mwisho, aliyemlea mgongoni, alikuwa amekunywa pombe ya magendo iliyomtia upofu kwanza, kisha ikammaliza. Siku ya mazishi nyanya aliapa kwamba chupa haitafunguliwa ndani ya boma lake. Majirani walijua, nao walimheshimu. Mwalimu wa shule yetu, aliyependa jini yake ndani ya kikombe cha chai ili wanafunzi wasimwone, alikuwa akipita mbali na lango letu akirudi kutoka sokoni. Jirani aliyeuza miraa Kangeta, ambaye alihitaji toti ya kitu kikali ili usingizi umpate baada ya kutafuna kutwa nzima, alikuwa akiiacha chupa yake kwenye ua wa nje, imesimama kati ya majani, kabla ya kuingia kutusalimu.

Shangazi, binti wa mwisho wa nyanya, ndiye niliyekuwa nikilala naye kitanda kimoja. Alikuwa amejifunza ushonaji mjini Embu, na huko alikutana na kijana wa Kimbeere, mpole, mwenye kucheka kwa mabega. Shangazi alikuwa amefika umri ambao wanawake kisimani huanza kukuuliza habari zako kwa kukuzunguka. Usiku alininong'oneza kwamba akimkosa huyu hatamtaka mwingine. Nami, niliyejua kwamba akiolewa nitabaki na kitanda kikubwa chenye baridi, nilijivutia blanketi. Sikujua nimwombee nini.

Masharti ya wazee wa kwetu yalikuwa yameshapelekwa. Kati ya yote, moja halikuwa na mjadala: pombe ya asali, na asali hiyo itoke kwenye mizinga ya boma la mwoaji. Kwa pombe hiyo mzee wa ukoo angewabariki wawili hao. Angejaza kinywa chake na kuwapulizia vifuani. Bila hiyo hakuna baraka, na bila baraka shangazi hatoki.

Lakini mwaka huo mvua ilikuwa imeikataa nchi ya Ishiara, kwao yule kijana. Siku wageni walipofika kwa pikapu ya kukodi, wamefunikwa vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, walishusha mbuzi, mablanketi, unga na sukari. Mwisho msemaji wao akatoa kitu kilichofungwa kwa karatasi ya kaki, akakiweka mbele ya mzee wa ukoo kwa mikono miwili. Ilikuwa chupa ya brandi.

Kimeru na Kimbeere husikilizana njiani, lakini hukwama penye jambo zito. Hapo wazee waligeukia Kiswahili cha sokoni.

"Hii ni nini mmetuletea?" aliuliza mzee wa ukoo. "Dawa ya kuogesha ng'ombe?"

"Ni brandi, mzee. Ile ya bei. Nyuki wametuhama. Mizinga yetu saa hii ni nyumba ya mijusi. Tungeweza kupika ya sukari tuwadanganye, lakini tukasema hapana, heri tulete kitu cha heshima."

"Tulisema asali ya boma yenu. Hii imetoka kwa duka. Sasa tuseme binti yetu ameolewa na duka?"

Watu wa kwetu walicheka. Wageni waliinamisha vichwa. Mzee mmoja mwembamba wa upande wetu, ambaye macho yake hayakuwa yamebanduka kwenye chupa, alikohoa.

"Mzee, tusikatae haraka. Tuonje kwanza, ndio tujue tunakataa nini."

"Wewe nyamaza. Wewe ungeonja hata mafuta ya taa."

Kisha mzee wa ukoo akasema maneno yaliyofika mpaka jikoni: warudi kwao, wangoje nyuki, waje tena. Hakuna aliyejua nyuki wangerudi lini. Shangazi, aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango wa jiko na gauni alilojishonea mwenyewe, aliketi chini juu ya kuni. Niliuona uso wake, na papo hapo kitanda chenye baridi kikanitoka akilini. Nilijua sasa niombee nini.

Mama ya bwana harusi alikuwa humo jikoni pamoja nasi, kwenye kigoda. Alifungua fundo la leso yake taratibu na kutoa kopo dogo.

"Hii nilikuletea wewe, mama," alimwambia nyanya. "Si ya wazee. Ni kidogo, ningeona haya kuwaonyesha."

Nyanya alifungua. Ilikuwa asali nyeusi, nzito, yenye harufu ya moshi na maua ya migunga.

"Ni ya boma yenu?"

"Ya mzinga ulio nyuma ya jiko langu. Hao nyuki peke yao ndio walikataa kuhama."

Nyanya aliitazama asali, akamtazama binti yake juu ya kuni. Kisha alitoka nje, akapita katikati ya wanaume bila kumwamkia mtu, akaichukua ile chupa mbele ya mzee wa ukoo. Wazee walisogeza miguu kumpisha. Walijua habari za mdogo wake. Hakuna aliyethubutu kumuuliza anaipeleka wapi. Nadhani wengi waliamini anakwenda kuimwaga.

Alirudi jikoni akaifungua, ndani ya boma lake, kwa mkono wake mwenyewe. Aliipika kama alivyopika dawa yetu ya kikohozi: maji yachemke na tangawizi, ile aliyonunua kwa Mwislamu mwenye duka la viungo kule Maua, sufuria ishuke motoni, asali iingie, ikorogwe mpaka iyeyuke. Mwisho kabisa akamimina brandi. Mvuke ulipopanda na harufu ile, aligeuza uso ukutani na kukaa hivyo kwa muda. Sikumwona akilia. Niliona mgongo wake tu.

Alipogeuka alichukua mwiko, akadondosha tone kiganjani kama siku zote, akakiinua kiganja mpaka karibu na midomo, kisha akasita. Sote tulisita naye. Ndipo akakinyoosha kwa yule mama mwingine.

"Onja wewe. Mimi hii siijui."

Mama ya bwana harusi aliinama, akalichukua tone lile kwa kidole kutoka kwenye kiganja cha nyanya yangu, akaonja.

"Ongeza asali," akasema.

Nyanya aliongeza kopo lote.

Ilipelekwa nje ndani ya kibuyu cha marehemu babu. Mzee wa ukoo alimwaga tone chini, akanywa, akachungulia ndani ya kibuyu.

"Asali ni ya nani?"

"Ya boma yao," alisema nyanya, amesimama.

"Na huu moto uliomo?"

Yule mzee mwembamba, aliyekwisha kupokea kikombe chake na kukimaliza, ndiye aliyejibu. "Asali imo, maji yamo, ukali umo. Unataka nini tena, mzee? Nyuki wenyewe waje wapige hodi?"

Mzee wa ukoo alijaribu kukunja uso, akashindwa. Mabega yalianza kutikisika, kisha akacheka mpaka akafuta macho. "Haya. Mwiteni binti."

Alijaza kinywa na kuwapulizia baraka, lakini kwa kuwa meno ya mbele hayakuwapo, nusu ya baraka ilimwingia shangazi machoni. Machozi yalimtiririka. Akina mama walipiga vigelegele wakisema tazama anavyowalilia wazazi. Mimi nilimpeleka kwenye pipa la maji, naye akinawa uso huku akicheka alininong'oneza, "Wee, baraka inachoma!"

Kinywaji hicho kilibaki kijijini. Watu walikiita chai ya wakwe, na hata mwalimu aliacha kujificha, maana sasa palikuwa na kitu cha kunywa mbele ya watu, mchana, kwa kikombe kidogo. Nyanya hakukipika tena. Nami, nilipofika chuo kikuu, nilijaribu vyote: jini kwa soda chungu, wiski kavu, chang'aa, pombe ile ya magendo, nyuma ya mabweni, ambayo nilipoinusa tu nilimkumbuka mdogo wa nyanya nikaimwaga. Siwezi kujidai mtakatifu. Nafurahia toti yangu. Lakini nashukuru kwamba mtu asiyewahi kuonja ndiye aliyenifundisha kunywa.

Siku hiyo ya Ishiara birika lilipochemka, nilitafuta asali na kuikosa. Mzinga wa nyuma ya jiko ulioza zamani; miti iliyobeba mizinga imekuwa makaa. Kijana wa aproni alikimbia dukani akarudi na chupa ya plastiki yenye picha ya nyuki anayetabasamu. Siku ile ya Muthara brandi ilitoka dukani na asali ikatoka nyumbani. Leo vyote viwili vimetoka dukani, na nyanya, na yule mama wa kopo, na mzee asiye na meno, wote wamelala.

Nilikoroga. Mkono wangu wa kushoto ulijifungua wenyewe, nami nikadondosha tone kiganjani. Shangazi alikuwa ameingia na kusimama kando yangu, mvi tupu, akinukia poda na vitunguu. Nilimnyooshea kiganja. Alichukua tone kwa kidole, akaonja, akafumba macho.

"Ongeza asali," akasema.