Kondoo wa Heulwen Chini ya Theluji

Heulwen Breese hakai kitako. Mkaribishe chai, atashika kikombe amesimama dirishani, macho kwenye mto. Sisi majirani zake wa hapa bondeni, Mto Severn unapotoka Wales kuingia Uingereza, tumemzoea. Alipokuwa msichana, maji yalivunja tuta na kuwazoa kondoo wa baba yake. Tangu hapo kila majira ya baridi redio yake haizimwi: theluji Uskoti, barafu barabarani kaskazini, dhoruba pwani ya magharibi. Hata habari za mikoa ambayo hajawahi kuikanyaga humkosesha raha.

Februari ile redio ikatutaja sisi. Mvua kubwa, mto kufurika. Kondoo wake walikuwa na mimba pevu. Akampigia simu kaka yake Emlyn, anayefuga juu kwenye milima ya Berwyn.

"Kaka, nakuletea kondoo."

"Tena? Mwaka jana uliwaleta, na mto haukulowesha hata kwato."

"Mwaka jana si mwaka huu."

"Huku kwetu wametangaza theluji, Heulwen."

"Kidogo, wamesema."

"Haya, walete. Majani utakayonimalizia utayajua mwenyewe."

Nilipokuwa namsaidia kuwapakia kwenye trela, nilimwambia wangeweza kukaa kwenye ghala langu, liko kwenye mwinuko.

"Ghala lako, Ivor? Lile paa linavuja hata siku ya jua."

Tukacheka, akaondoka.

Upepo ukageuka. Mvua iliyokuwa yetu ikaenda kuanguka milimani, na kule ikawa theluji. Huku chini palikuwa pakavu, baridi ya kukata masikio, na mto umetulia mkondoni mwake. Heulwen alikuwa akizunguka uani kama aliyepoteza kitu. Mara simu ikalia.

"Siwaoni," Emlyn akasema.

"Huwaoni vipi?"

"Kila kitu ni cheupe, dada. Ukuta wenyewe siuoni."

Tulipanda na trekta langu, tukifuata taratibu nyuma ya gari la kusukuma theluji. Njia nzima Heulwen hakunyamaza. Mara niongeze mwendo, mara niangalie barafu, mara ni yeye aliyewaua. Mbwa wake Mot alikuwa akitetemeka miguuni pake.

Emlyn alikuwa getini, nyusi zimeganda.

"Si nilikuambia?"

"Uliniambia. Kama bado unayo mengine yaseme yote sasa hivi, halafu nipe ufito."

Alimpa ufito mrefu, mimi akanipa sepetu.

Tulikwenda sambamba na pale ulipokuwa ukuta wa mawe, ndugu hao wawili wakichoma theluji kwa fito. Mot akasimama, akaanza kuparua. Palikuwa na kitundu kidogo, kingo zake za manjano kwa pumzi ya mnyama. Tukachimba. Akatokea kondoo jike, manyoya yamejaa vidonge vya barafu, akatupiga jicho la hasira kana kwamba tumemwamsha.

"Yu hai! Ivor, yu hai huyu!" Heulwen alipiga kelele, akamkumbatia shingo.

Tulitoa wengi wakiwa hai. Wengine walikuwa wametafunana manyoya kwa njaa. Lakini kwenye kona, walikobanana na kukandamizana, tuliwakuta wafu. Heulwen alipiga magoti kando ya mmoja mwenye sikio lililochanika, aliyemlea kwa chupa jikoni mwake.

"Ningewaacha nyumbani," akasema. "Kule kukavu."

Emlyn alichomeka ufito wake kwenye theluji, akakaa chini pale pale.

"Ni mimi niliyewapeleka upande huu wa ukuta, dada. Nilitaka kuwakinga upepo. Sikufikiri kwamba upepo huo ungeimwaga theluji yote hapa."

Heulwen alimtazama. Nikajua ana maneno mdomoni, na nikaogopa.

"Inuka," akamwambia. "Utaganda makalio."

Joto lilirudi upesi mno. Theluji ile yote ikayeyuka na kuteremka kwetu. Maji yakaruka tuta, yakafunika malisho ya Heulwen, milango ya mabanda ikabaki kichwa tu. Mimi ndiye niliyemhamishia kuku wake juu, kwa maana yeye alibaki milimani, akizalisha kondoo ghalani kwa Emlyn. Nasikia walikuwa wakigombana kila siku kuhusu nyasi, supu, na nani amemfungia mbwa nje.

Alinipigia simu huku nikisikia vitoto vya kondoo vikilia nyuma yake.

"Maji yamefika wapi?"

"Ngazi ya pili ya mlango wako."

"Na kama wangekuwa hapo?"

"Wangekufa wote, Heulwen."

Nilidhani ningemsikia akishusha pumzi.

"Na wale wa kwenye kona?" akauliza.

Amerudi sasa, ameosha matope, amepaka ukuta chokaa. Majani yameota vizuri. Lakini majira ya baridi yanakuja, na kila tukikutana ananiuliza nimeziba paa la ghala langu au bado.