Siku Nyanya Aliposhuka Treni

Juzi jirani yangu alifungua sanduku lake la bati uani, akaanza kuanika vikwembe, yaani vitenge, vya arusi ya binti yake, na harufu ya vidonge vya nafutalini ikaruka ukuta ikanikuta nachambua mboga. Wengine harufu hiyo inawakumbusha sikukuu. Mimi inanipandisha hasira. Niliacha mboga, nikajikuta nasema kwa sauti, "Washenzi wale!" Jirani akachungulia kuuliza natukana nani. Nilimhadithia, na sasa nawahadithia ninyi, maana jambo hili nimelinyamazia mno.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, enzi za Zaire. Nilikaa na Babu na Nyanya kwenye stesheni ndogo katikati ya Nyunzu na Kalemie, nyumba sita za matofali na mashamba ya mihogo nyuma yake. Babu alifunga breki kwenye treni za mizigo mpaka kichwa kikawa cheupe. Miaka yote hiyo alishuka Kalemie akarudi, akashuka akarudi, na kila mara alileta ndagala, dagaa wa huko, ndani ya gazeti pamoja na habari za mji ule wa zamani: walikotua wazungu wa kwanza, nyumba zao za baraza pana, gati ambapo meli za Kigoma hufunga kamba. Na ziwa. Hasa ziwa. Nyanya alizaliwa porini, alijua mito tu. Hakukubali kabisa kwamba maji yanaweza kuinuka yenyewe, yakaja, yakaanguka miguuni pa mtu.

"Papa Antoine, unanidanganya juu sikusoma," alikuwa akimwambia.

"Siku nitaacha kazi nitakupeleka," Babu alijibu. "Utasimama mwenyewe ndani ya maji, kisha utaniomba msamaha."

Alipostaafu walimpa karatasi ngumu yenye mihuri miwili, ya kupanda treni bure mara moja kwa mwaka, yeye na mke wake. Walichagua Jumamosi, kushuka asubuhi na kupanda jioni. Nyanya alijitayarisha juma zima. Alitoa sandukuni kikwembe ambacho hakikuvaliwa tangu arusi ya shangazi, nyumba yote ikanuka nafutalini hata bukari, ugali wetu, ikawa na ladha yake. Alichemsha mayai, akakaanga kuku na karanga. Usiku wa kuamkia safari alisugua visigino kwa jiwe mpaka vikawa vyekundu, ili, alisema, ziwa lisimwone mchafu. Mimi nilikuwa nimeshatangazia darasa zima kwamba nakwenda mjini kula mkate wa boulangerie, wa kuokwa dukani.

Ndani ya treni Nyanya alikaa dirishani, ameshika chuma kwa mikono miwili kama vile behewa lingemkimbia. Babu alimtajia kila daraja na kila kona. "Hapa breki ilitaka kunikata kidole. Hapa tulilala siku mbili juu ya mvua kukata njia." Walicheka, wakapeana karanga, wakagusana mabega, wazee wazima wale, mpaka nikaona haya nikageukia upande mwingine.

Ndipo akaja kontroleri, mkagua tikiti. Kijana, abakosi, lile koti la kiserikali, imefungwa mpaka shingoni kwa joto lile, jasho linamtiririka. Alisoma karatasi ya Babu. Akasoma karte ya Babu, ya utambulisho. Akasoma karte ya Nyanya, akairudia.

"Hapa wameandika muke wako ni Madalena," akasema. "Karte ya huyu mama inasema Mwadi Kisimba. Madalena iko wapi?"

Wasomaji wangu, msinicheke nikieleza. Serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya ubatizo. Ilitangazwa kwa redio, basi, ikaisha, kila mtu akapewa karte mpya yenye jina la mababu. Lakini karatasi ya Babu ilinakiliwa kutoka kitabu cha kale cha kazini, ambamo jina lake walilisahihisha, la mkewe wakalisahau, na mle ndani mzungu aliyekuwa akiandika hakujisumbua kumuuliza mwanamke ukoo wake. Aliandika "Madalena" na kufunga kitabu. Mzungu aliandika nusu ya mtu, serikali ikaja kuifuta nusu hiyo hiyo. Hebu niambieni, hapo kosa ni la Nyanya?

"Njo yeye, ni huyu," Babu akasema. "Madalena njo Mwadi, Mwadi njo Madalena."

"Eh, Papa, njo vile munafanyaka. Muke anabaki nyumba, mwengine anakula safari yake."

Behewa likacheka. Babu akasimama. Kontroleri akaniinamia mimi. "We mutoto, unasoma?"

"Ndiyo, sitwayen. Niko wa kwanza." Sitwayen, yaani raia, ndivyo tulivyoamriwa kuwaita wakubwa.

"Sema ukweli. Kwenu kuko Madalena?"

Mwalimu wetu alikuwa akitupigisha magoti juu ya changarawe kwa kutaja jina la ubatizo. Jibu nililijua kuliko sala. Nilisimama wima, mikono ubavuni, nikapaza sauti, "Hapana, sitwayen! Majina ya wazungu yalikatazwa!"

Kontroleri akanipigia makofi. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilimgeukia Nyanya nione kama naye amefurahi, akawa ananitazama tu.

Hakunikaripia. Alimuuliza yule kijana kwa upole kabisa, "Mwanangu, treni hii inaenda wapi?"

"Kalemie."

"Zamani waliiita namna gani?"

Mama mmoja mwenye madumu ya mawese akajibu kutoka nyuma, "Albertville!"

"Basi," akasema Nyanya. "Muji mulibadilisha jina, na reli bado inaujua. Mimi mulinibadilisha jina, na bwana yangu asinijue?"

Loo! Watu walipiga kelele, walipiga mabenchi, "Amekuweza! Amekuweza leo!" Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwani mtu mdogo aliyepewa kofia hawezi kuchekwa mbele za watu akakuacha upite. Alitoa fomu na kidau cha wino. Akasema sawa, mama ataendelea, Papa alipe tikiti yake, lakini yeye ataandika kwamba abiria huyu si mke wa mwenye karatasi, na mama mwenyewe ataweka kidole.

Babu alikuwa ameshatia mkono mfukoni. "Mama, weka tu kidole," alimbembeleza. "Ni karatasi. Ziwa liko karibu, saa moja tu imebaki."

Nyanya aliutazama ule wino. "Nimekuzalia watoto saba," akasema. "Wawili tumewazika pamoja. Leo niweke kidole kwamba mimi ni mwanamuke wa njiani?"

Treni iliposimama stesheni iliyofuata alijitwisha kikapu chake akashuka. Hakuna aliyemsukuma. Babu alichukua kofia akamfuata, akinivuta mkono, nami nikilia.

Tulikaa pale mpaka jioni. Babu akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mwaka ujao tutarudi. "Koleo haikuvunjika," Nyanya akajibu, "iliibiwa." Mimi nilikataa kula. Nilimkasirikia yeye, si kontroleri. Nilimwambia usoni, "Ungeweka tu kidole!" Alinimenyea yai, akalitia chumvi, akanishikisha mkononi. Mkuu wa stesheni ile alimjua Babu zamani, akatupandisha treni ya jioni bila kumuuliza mtu jina.

Babu aliandika barua tatu kwenye biro, ofisi ya reli, ili jina lirekebishwe. Hakujibiwa hata moja. Kisha miguu ikamvimba, kisha akafa.

Miaka mingi baadaye redio ilitangaza kwamba majina ya ubatizo yanaruhusiwa tena. Nilikuwa nimeolewa, nakaa Kalemie. Nilipanda treni siku hiyo hiyo kumpelekea habari. Nilimkuta uani anabambua karanga.

"Nyanya! Wamekurudishia Madalena!"

Hakuinua hata uso. "Nani alikuambia niliiacha?" akasema. "Ningeiacha, ningeona ziwa."

Nilimwomba twende Kalemie, kesho yake, nitamshika mkono mpaka majini. Akatikisa kichwa. Ziwa alitaka kuonyeshwa na Babu; la kuonyeshwa na mtu mwingine hakulihitaji. Nilikaa chini nikambambulia karanga, na ndipo nikaelewa kwamba behewani siku ile sote tulitia kidole: waliocheka, Babu aliyetia mkono mfukoni kwa kumpenda, na mimi kabla ya wote. Yeye peke yake hakutia.

Jina walilichukua kwa redio, wakalirudisha kwa redio. Ile Jumamosi ya wazee wangu hawakuirudisha, na hawatairudisha, na mimi niliyewasaidia kuichukua nilipigiwa makofi.