Miaka Minne Bila ya Eda

Watu wa Maskati walikuwa wakiniuliza nimesomea nini, nikiwajibu wanacheka. Siwalaumu. Mtoto wa Unguja, Mwarabu asiyejua Kiarabu, kapelekwa Ulaya kwa tabu zote zile, na badala ya kurudi daktari au mhandisi wa mafuta, karudi na elimu ya kufukua mashimo, na juu yake lugha ya wachunga kondoo wa Uskochi ambayo Waingereza wenyewe hawaijui. "Yakhe, na Kiarabu je?" aliniuliza muuza halua mmoja wa Matrah, naye Mzanzibari kama mimi. "Hicho umekiona kigumu?" Nikamwambia Kiarabu nimekiweka, ntajifunza nikizeeka. Ulimi wangu ulikuwa mkali siku zile, kwa sababu roho ilikuwa inaniuma na sikutaka mtu ajue.

Uskochi nilikwenda kabla ya mapinduzi. Nilitakiwa nisome tarikhi, lakini mwalimu wa akiolojia alinipeleka siku moja kwenye visiwa vyao vya magharibi, penye vijiji ambavyo watu wake walifukuzwa zamani na wenye ardhi ili kondoo wapate malisho. Kuta zimebaki za kufika magotini. Jiko lipo katikati ya nyumba, mawe yake meusi kwa moshi mpaka leo. Nilisimama pale kwenye mvua, nikajua hii ndiyo kazi yangu. Mwalimu yule alikuwa na sharti lake moja: hugusi nyumba ya mtu kwa sururu mpaka uweze kuzungumza na wajukuu wake. Basi nusu ya wiki tukisoma udongo na mifupa, nusu tukisoma Kigaeli, lugha ya visiwani kule, nyimbo zao, hadithi zao na namna wanavyozikana. Wenzangu Waskochi wa mjini wakitoka jasho kwa kh na gh. Mimi nilikuwa nazo tangu utotoni, chuoni kwa maalim wa Kurani. Kwa mara ya kwanza tangu nifike kwenye baridi ile, nilikuwa mbele ya wengine kwa kitu nilichotoka nacho nyumbani.

Halafu zikaja khabari za Unguja. Nilizisikia kwenye redio ya bibi mwenye nyumba niliyopanga, mzee wa visiwani, ambaye jikoni kwake hapakusemwa Kiingereza. Yeye ndiye aliyenifunza kwamba kwa Kigaeli mtu hasemi ana huzuni. Huzuni ndiyo iliyo juu yake, imemkalia. Imenikalia kweli. Miezi ilipita ndipo nikajua kwamba mama na mjomba wametoka kwa meli na wako Maskati. Khabari za baba hazikuja. Baba alitoka nyumbani asubuhi, machafuko yamekwisha anza, akaenda kumtazama ndugu yake shamba. Mama alimwambia asiende. Akasema anarudi sasa hivi.

Ruhusa ya kuingia Maskati haikuwa mchezo, na nilipoipata nilikuwa nimekwisha maliza masomo. Nilishuka kwenye kindege kutoka Bahrein, nikapokewa na joto ambalo sikuwahi kuliona Unguja hata mwezi wa Februari. Majabali meusi yameuzunguka mji, yanalinyonya jua mchana kutwa na kukurejeshea usiku. Mjomba alinikumbatia, akalia. Nyumba yao ilikuwa ndani ya ukuta wa mji, vyumba vitatu na kiwanja kidogo, si mbali na lango. Mama akatoka chumbani, na jambo la kwanza lililonifikia lilikuwa harufu ya udi. Kanga zake zimefukizwa. Macho yana wanja. Mikononi ana hina, imeiva vizuri, nyekundu ya kuelekea weusi.

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilisema moyoni, mama yangu yu mzima. Sikufahamu mpaka kesho yake, nilipowasikia wanawake wawili wa jirani, nao wa kwetu, wakipita chini ya dirisha. "Mjane na udi wake," alisema mmoja. Mwenziwe akamjibu, "Mjane wapi? Huyu bado ana mume, ati."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila Alkhamisi mama alikuwa akijifukiza na kujitia hina kama mwanamke ambaye mumewe yuko safari na huenda akaingia wakati wowote. Eda hakukaa. Khitma ya baba haikusomwa, kwa sababu nani atamsomea khitma mtu ambaye mkewe anamngojea? Mjomba aliikataza nyumba nzima kulizungumza jambo hilo, lakini sasa lilikuwa limemfika shingoni. Kadhi alikuwa amemwambia kwamba mwanamke aliyepotelewa na mume katika machafuko hungoja miaka minne, kisha huhesabiwa mjane, akakaa eda ya miezi minne na siku kumi, maiti akaombewa. Miaka minne imetimia. Mama akaambiwa. Mama akasema hapana.

"Kadhi simjui, naye hamjui mume wangu," alimwambia mjomba mbele yangu, siku ya tatu ya kufika kwangu, tunakula. "Mwenye kujua huyu hapa. Huyu ndiye aliyesomea."

Nikaacha kula. Nikamuuliza nimesomea nini.

"Kutafuta watu," alisema. "Si ndiyo kazi yako? Watu waliopotea chini ya ardhi, miaka na miaka, mkawapata mkawajua. Nimewaambia wote hapa: mwanangu anasomea kutafuta watu. Basi nambie wewe. Ukinambia wewe amekufa, ntakaa eda leo hii."

Lakhaula! Kumbe wakati wote ule, mimi niko kwenye mvua napiga magoti juu ya jiko la Mgaeli aliyefukuzwa kwao, mama yangu Maskati anafikiri natengenezwa kwa ajili ya baba. Kila mwaka niliouongeza chuoni, yeye aliuona ni mwaka wa kumkaribia. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. Mjomba alinitazama kwa macho ya kuniomba. Sema tu, yalikuwa yakisema macho yale. Sema neno moja tupumzike.

Sikusema. Watu watanambia ilikuwa kazi rahisi, kwani mimi nilikuwa nimekwisha jua tangu mwanzo, tangu kwenye redio ya yule bibi. Lakini kulijua jambo ni mbali, na kulitoa kinywani mbele ya mama mwenye hina mikononi ni mbali. Nilihisi kwamba baba angekufa pale pale, kwenye mkeka, kwa maneno yangu. Nikamwambia mama kwamba sisi hatusemi kitu mpaka tuchimbe.

"Basi kachimbe."

"Mama, kule haturudi. Unajua haturudi."

"Basi umesomea nini?" alisema, akainuka na sahani yake. Sijapata kuambiwa neno lililonikata vile, na wala hakulisema kwa hasira.

Zikapita siku tukawa tunazungumza mambo ya maji na bei ya samaki. Nilikuwa nikitoka nje ya lango kutembea mpaka jasho linitoe akili. Nikirudi nakuta mjomba amekaa kwenye kizingiti. Siku moja baada ya alasiri niliingia chumbani kwa mama. Madirisha yamefungwa kwa ajili ya joto, chumba kina giza la mchana. Amekaa chini, takia refu mbele yake. Nikakaa. Nikamhadithia yule bibi wa Uskochi: kwamba mumewe alitoka na mashua akiwa kijana na hakuonekana tena, wala ubao wa mashua. Kwamba visiwani kwao zamani walikuwapo wanawake wenye kazi ya kumlilia maiti kwa maneno, lakini kwake yeye hakukuwa na maiti wa kumlilia, na jambo hilo lilimuumiza kuliko kufiwa.

"Maskini ya Mungu," alisema mama. "Hakumuosha."

"Hakumuosha."

Alilinyoosha lile takia. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la jikoni, "Hebu nambie. Lau mngelichimba pale walipofukiwa watu, na wako wengi, wamechanganyika. Wewe baba yako ungelimjuaje?"

Nikamjibu kama nilivyofunzwa, kwa sababu hilo ndilo nililoliweza. Nikamwambia tunaanza na kichwa, tunatazama meno.

"Gego la juu la kulia hana," alisema. "Liling'olewa na yule daktari wa meno, Mgoa wa Mkunazini, akavimba wiki nzima, akawa mkali, hasemeki."

Nikamwambia tunatazama mifupa iliyovunjika ikaunga.

"Mkono wa kulia." Aliinua mkono wake mwenyewe akaonesha, chini kidogo ya kiko cha mkono. "Alianguka mkarafuu, mtoto. Aliyemuunga alimuunga vibaya, ukawa na kigongo. Hukioni ila ukikishika."

Sikumuuliza tena. Aliendelea mwenyewe. Bega la kulia liko chini kuliko la kushoto. Ubavu huu wa kulia ana kovu la jipu, lakini kovu halibaki, au siyo? Nikamwambia halibaki. Nyonga. Goti la kulia lilikuwa likilia akiinuka kutoka kwenye sala, na yeye mama akimtania kwamba hilo goti ndilo muadhini wake. Alicheka hapo, kidogo. Kisha akarudi juu, bega la kushoto, mkono wa kushoto, kiganja, vidole kimoja kimoja. Alikuwa akisema na mkono wake unapita juu ya takia lile, polepole, unashuka, kiganja kimefunguka, kana kwamba kuna kitu anakitiririsha.

Upande wa kulia kwanza. Kisha wa kushoto. Hapo nikafahamu. Mama alikuwa anamuosha.

Sikumkatiza. Nilipiga magoti mbele yake, na machozi yangu yalikuwa yakinidondoka juu ya kanzu wala sikuyafuta, nikimwitikia "ndiyo, mama" kila kiungo alichokitaja. Hata ubavu wa kushoto, hata paja, ambavyo hakuwa na alama yoyote ya kunipa, alivitaja tu: hapa hana kitu, hapa mzima. Ndiyo, mama. Alipofika miguuni alikwenda taratibu zaidi. Mguu wa kulia, akaumaliza. Mguu wa kushoto. Kidole kidogo kimelala juu ya mwenziwe, alizaliwa nacho, na mimi pia ninacho. Alikishika kwenye takia, akakiachia.

Aliikunja mikono yake mapajani, akaitazama ile hina. Ilikuwa mbichi, ya juzi tu. Haitoki kwa maji wala kwa sabuni, ingembidi akae nayo mpaka ijifie yenyewe.

Nilifungua kinywa. Nilikuwa tayari sasa, wallahi, nilikuwa nimelishika lile neno alilokuwa akilitaka kwangu tangu siku ya kwanza. Akaniwekea mkono wake mdomoni.

"Wewe usiseme," alisema. "Wewe mwanawe. Nenda kamwambie mjomba wako mume wangu amekufa. Mwambie nimesema mimi."