Piano Iliyochaguliwa Ikiwa Imezimwa

Jirani yangu wa Luzira alikuwa askari wa magereza mstaafu, mwanamke wa kaskazini mwenye mabega mapana, na uani kwetu wote tulimwita Afande. Kwa miaka mingi alikuwa akipiga kinanda cha kanisani, kile chepesi ambacho ukikipulizia tu kinataka kulia. Alipostaafu, hoteli moja ya kando ya ziwa ilimwita ajaribiwe kupiga piano wageni wakila. Nyimbo mbili alizipiga vizuri. Katikati ya wa tatu vidole vikagoma. Piano ya kweli ina nyundo ndani. Kila kibao unachobonyeza kinainua moja, na vidole vyake havikuwahi kuinua kitu. Meneja akampa mwezi mmoja ajiandae arudi.

Alinieleza hayo akiwa anafua, akaninyooshea mkono wenye povu.

"Angalia. Hii mkono imefungua mirango ya chuma miaka thelathini. Sasa kadude ka mbao kananishinda?"

Mimi niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo miguu yangu haijapata kutulia. Nimepakua samaki bandarini Port Bell, nimebeba magunia sokoni Kikuubo, nimefungua redio za watu Nakawa na nyingine zikanishinda kufunga. Afande aliposema anatafuta piano ya umeme yenye vibao vizito kama vya piano yenyewe, lakini awe anaweza kuibeba peke yake, sikujua kama kitu cha namna hiyo kipo duniani. Nilimsindikiza kwa sababu hiyo tu. Na kweli ilibidi iwe ya kubebeka: chumbani kwake kuna kitanda na meza moja, na juu ya meza hiyo anakula na kupiga pasi. Piano ingelazimika kushuka kila siku kwenda uvunguni.

Duka lilikuwa ghorofa ya pili, jengo linalotazama Kikuubo. Mwenye duka alikuwa mzee ambaye babu zake walikuja kufanya biashara kutoka pwani wakabaki, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama kanzu yake. Alitupeleka moja kwa moja kwenye kinanda kilichojaa taa, akafungulia spika mpaka vioo vikatetemeka. Kilitoa fidla, ngoma, hata mvua.

"Hii, Mama, ndiyo wanayochukua wachungaji wote."

"Hajji, zima."

"Nipunguze sauti?"

"Zima umeme."

Mzee alicheka. "Mama yangu, piano iliyozimwa ni meza."

"Basi nionyeshe meza."

Akazima. Afande akavuta kiti, akaweka vidole. Nami sikuweza kujizuia, nikabonyeza upande wangu. Kibao kilikaza kweli.

"Afande, hii nzito! Tuchukue."

"Wewe kila kitu mzito unataka kubeba. Weka kidole tena. Shuka pole pole. Unasikia inakusukuma kurudi?"

Nilisikia. Kilikuwa kama godoro jipya.

"Hiyo ni springi. Nyundo haisukumi mtu. Nyundo inakataa kidogo, halafu inakubali."

Nikamtazama mzee, naye akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mwalimu aliyekutana na mwanafunzi anayejua. Ilibidi nijiulize Afande alijifunza wapi. Piano yenye nyundo alikuwa ameigusa mara moja tu maishani, siku ile iliyomshinda. Mtu mwingine angerudi na aibu peke yake. Yeye alirudi na aibu, lakini pia na kumbukumbu ya kila kidole.

Ya pili ilikuwa na nyundo kweli. Mzee alituonyesha jinsi vibao vya kushoto vilivyo vizito na vya kulia vinavyozidi kuwa vyepesi, kama inavyotakiwa. Afande aliipenda, nilimwona. Akaisimamisha, akaitia begani, akafika mlangoni, akarudi akihema.

"Hii inataka bwana," akasema. "Mimi bwana sina."

Ya tatu ilitolewa chini ya maboksi, nyembamba, iliyokwisha kutumika, isiyo na fidla wala mvua. Mzee aliona haya kuipangusa mbele yetu. Afande alibonyeza kibao kimoja polepole mpaka chini. Akakirudia harakaharaka. Akaingiza kidole gumba ndani kabisa, katikati ya vibao vyeusi, mahali ambapo vibao vya hovyo huwa vigumu kama mfupa. Kisha akafumba macho, akapiga wimbo mzima umeme ukiwa umezimwa. Kilichosikika ni tok, tok, tok tu. Mteja aliyekuwa akibishana juu ya nyuzi za gitaa aligeuka kutazama.

Alipomaliza aliitia begani akateremka nayo ngazi.

"Mama, hujalipa!" mzee akapiga kelele.

"Nimekaa na wezi miaka thelathini, Hajji!" sauti ikajibu kutoka chini. "Kama nataka kuiba, wewe hungejua!"

Alipanda tena ghorofa zote mbili, akaiweka mezani. Hakuwa anahema.

"Hii."

"Lakini hata sauti yake hujaisikia," mzee akasema, karibu kumsihi.

"Sauti iko na kitufe. Vidole viko na mimi."

Mwezi ule nilikuwa nimepanga kwenda Juba. Sikwenda. Kila alfajiri Afande alivaa hedifoni asiwaamshe watu, na kupitia ukuta wetu mwembamba nilisikia tok, tok, tok. Mwanzoni ilikuwa kelele. Wiki ya pili nilianza kuzitambua nyimbo kwa hatua zake. Wa tatu, ule uliomshinda, niliujua zaidi ya zote: ulikimbia, ukajikwaa mahali palepale, ukarudi nyuma. Siku moja ukapita bila kujikwaa, nami nikainuka nikakaa wima kitandani.

Siku ya kurudi hotelini nilisimama karibu na mlango wa jikoni, mchana, nikiwa na shati la kuazima. Afande aliketi, akabonyeza kibao kimoja polepole sana, kisitoe sauti. Akatikisa kichwa kukubali. Akaanza.

Wa kwanza, wa pili. Wa tatu ulipofika palepale, nilishika fremu ya mlango. Ukapita. Afande akaendelea hadi wa sita, na meneja alikuwa ameweka simu yake chini zamani.

Kumbe ulikuwa wimbo wa furaha. Mwezi mzima nilikuwa nimeujua kwa ile tok, tok ya ukutani tu, na furaha yake sikuijua.