Kobe Aliyepigwa Polishi

Wiki iliyopita nilikwenda Kariobangi kumpa pole rafiki yangu aliyefiwa. Nilipoinama kuvua viatu mlangoni, harufu ilinipokea kabla ya watu: polishi nyekundu ya sakafu, ile ya kopo. Sikujua kama bado kuna nyumba inayopaka kitu hicho. Kwa binti yangu Kayole, ninakoishi, chini kumewekwa vigae. Unapiga deki, basi. Nilisimama pale na viatu mkononi mpaka mwenye msiba akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi. Lakini vidole vya mkono wangu wa kulia vilikuwa vimeshaanza kusuguana vyenyewe, kama vinafuta kitu.

Shule mimi nilifika darasa la nne, kwa hiyo msitarajie maneno ya mapambo. Nitawaeleza nilivyomfanya kobe wa nyanya yangu, na hukumu mtatoa wenyewe.

Tulikaa Shauri Moyo, nyumba za kupanga za Kaunsili ya jiji, chumba kimoja: nyanya yangu, mama yangu na mimi. Wa nne alikuwa kobe. Babu, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alimwokota kando ya njia huko Mtito Andei akiwa mdogo wa kujaa kiganjani, akamletea mkewe ndani ya kofia. Babu alifariki kabla sijazaliwa. Kofia ilipotea. Kobe akabaki, akakua mpaka akawa na ukubwa wa sufuria ya wali wa watu sita.

Nyanya alimwita Mwinyi, kwa maana ya mwenye mali. "Katika mtaa huu mzima," alizoea kusema, "mwenye nyumba ni huyu peke yake. Sisi wengine ni wapangaji tu." Majirani walicheka. Mimi sikucheka, niliamini. Niliamini kabisa kwamba Mwinyi amekaa ndani ya gamba kama sisi tulivyokaa ndani ya chumba chetu cha Kaunsili, na kwamba siku akichoka nalo atatoka atafute jingine.

Nyanya alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili yamefunga ukungu. Kila asubuhi alikaa kizingitini na Mwinyi mapajani, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya gamba. Kama hujawahi kumtazama kobe kwa karibu, mtazame. Gamba lake limegawanyika vipande vipande, na kila kipande kina mistari inayozungukana, mmoja ndani ya mwingine, kama maji uliyotupia jiwe. Kipande hukua kwa pembeni. Kilicho katikati ndicho alichozaliwa nacho. Nyanya aliisoma mistari hiyo kwa ukucha. "Huu ni mwaka wa njaa, umebana. Huu ni mwaka wa mama yako. Huu wako wewe, mpana, mvua ilikuwa nzuri." Wajukuu wangu wameniambia wenye elimu wanasema mistari haiendi sawasawa na miaka. Nyanya hakuwauliza wenye elimu.

Nilipokuwa na miaka tisa, ndugu zake Mombasa walimwita akaonwe na daktari wa macho. Ilikuwa mwezi wa tano. Asubuhi ya safari alinishika bega, na mkono wake ulikuwa mzito.

"Nakuachia Mwinyi. Jua la asubuhi, majani, na maganda ya mayai umpondee. Hana haja ya kingine. Umenisikia? Hana haja ya kingine. Nikirudi nimkute kama nilivyomwacha."

"Nimesikia, Nyanya."

Nilisikia, ndiyo. Lakini nilikuwa na mawazo yangu. Nyanya atarudi anaona. Na cha kwanza atakachotaka kukiona kwa macho mapya ni Mwinyi, maana ndiye aliyebaki wa Babu.

Jumamosi zetu zilikuwa za sakafu. Unafagia, unaosha, unangoja ikauke, unapaka polishi nyekundu kwa kitambaa, kisha unasimama juu ya vipande viwili vya blanketi kuukuu na kuteleza huku na huku mpaka simenti itoe mwanga. Mtaa mzima ulinuka hivyo, na kila nyumba iliacha mlango wazi makusudi ili wapitao waone. Jumamosi moja Zuhura wa mlango wa pili, msichana mwenye ulimi, alisimama kwetu akaangalia ndani.

"Sakafu yenu ni kioo, si uongo. Lakini huyo jamaa wenu! Kama amefukuliwa shimoni leo asubuhi."

"Aliyefukuliwa ni wewe."

"Hata jiwe la mafiga lina nafuu."

Alipoondoka nilimtazama Mwinyi, na kweli alikuwa na vumbi. Kopo lilikuwa bado wazi. Nikachota kwa kitambaa, nikampaka kuanzia shingoni mpaka nyuma, nikaingiza polishi ndani ya kila mstari, nikasugua kwa kipande cha blanketi. Alitoa pumzi kwa nguvu, fsss, akarudisha kichwa ndani na miguu pia. Nilidhani ananipisha nifanye kazi vizuri.

Wallahi alipendeza. Alikuwa kama nyanya iliyoiva, kama kiatu cha Idd. Mama, aliyetoka alfajiri kuuza mboga Gikomba na kurudi magharibi, alimwona akasema tu, "Haya, bibi harusi," akaenda kuosha miguu. Basi kila Jumamosi nikawa nampaka. Na kwa kuwa vumbi la nje liling'ang'ania polishi, nikaacha kumtoa. Nikamtandikia gunia safi chini ya kitanda. Ilikuwa Juni, kisha Julai, na Julai ya Nairobi mnaijua. Nilijiambia namkinga na baridi.

Mwanzo aliacha kula. Nikasema ameshiba. Kisha macho yakavimba, akawa hafungui. Wiki ya nane au ya tisa nilipombeba, ukingo wa gamba ulibonyea chini ya kidole changu, kama unavyobonyea ukoko uliolowa. Chini ya tumbo alitoa harufu mbaya. Siku hiyohiyo Mama akaja na barua: Nyanya anarudi kwa treni kabla ya Idd.

Sikulia. Nilitafuta dawa, na dawa niliyoijua mimi mpangaji, mtoto wa mpangaji, ilikuwa moja. Nyumba ikioza, unahama.

Karibu na soko la Burma alikuwako Mzee Bakari, muuza supu ya kichwa, miguu na mifupa ya mbuzi. Kila Ijumaa nilitumwa kwake na jagi, kwa hiyo nilizijua vizuri meza yake na sufuria zake. Chumvi yake aliiweka ndani ya gamba la kobe lililogeuzwa juu chini, kubwa, tupu, la zamani. Nikaenda kwake.

"Shikamoo, Mzee Bakari."

"Marahaba. Leta jagi."

"Leo sitaki supu. Naomba hiyo nyumba ya chumvi."

"Nyumba ya nini?"

"Kobe wetu yake imeoza. Nataka ahamie humu kabla Nyanya hajarudi."

Wanaume wa kwenye benchi waliangusha vijiko. Mmoja akauliza kama Kaunsili imempa kobe notisi. Mwingine akasema aangalie asije akapewa chumba chenye kunguni. Mzee Bakari naye alicheka mpaka akashika meza, kisha akaniangalia usoni, akaacha. Aliimwaga chumvi yake kwenye gazeti. Akalifuta gamba kwa aproni, akaligeuza nione ndani.

"Tia mkono. Usiogope. Juu hapo, kwenye dari."

Nikatia mkono. Nilitarajia patupu, laini, kama ndani ya bakuli. Vidole vyangu vikagonga mfupa. Nikainama nichungulie. Katikati ya ile dari, toka mbele mpaka nyuma, kulikuwa na mstari wa mifupa midogomidogo iliyoungana kama tasbihi, na kila upande kumetoka mbavu zilizotandaa kama boriti, zikashikana na gamba mpaka huoni wapi ubavu unakwisha na wapi gamba linaanza.

Mzee Bakari alizamisha mwiko katika sufuria, akatoa kipande cha uti wa mgongo wa mbuzi, akakiweka kando yake.

"Huu wa mbuzi. Huu wa kobe. Tofauti ni nini?"

"Wa kobe umeshika paa."

"Umekuwa paa," alisema. "Hakujenga nyumba huyu, mjukuu wangu. Ni mgongo wake. Ni mbavu zake. Mapafu yake yanakaa hapa juu, chini ya dari. Humu hahami mtu. Ukimtoa humu umemuua."

Nilipeleka mkono wangu mwingine nyuma, chini ya gauni, nikagusa uti wangu mwenyewe. Vinundu vilevile. Sokoni watu walikuwa wakipiga kelele za bei, mvuke wa supu unanipiga usoni, na mimi nimesimama na mkono mmoja ndani ya kobe na mwingine mgongoni kwangu. Nimezaa watoto watano na nimezika wawili. Nimeona mambo. Lakini sijasahau dari ile. Mungu alichukua mifupa ileile aliyonipa mimi, akaigeuza ngao, akamweka kobe mwenyewe chini yake.

"Sasa niambie," Mzee Bakari alisema. "Umempaka nini?"

Nilificha mikono. Alikuwa ameshaona wekundu wa kucha. Akaninusa vidole.

"Aa! Umemfanya sakafu!"

Mara hii hakuna aliyecheka.

Alinieleza kama fundi anavyoeleza kazi yake. Juu ya ule mfupa kuna ganda jembamba kama ukucha, na mfupa ulio chini yake una damu, unasikia. Mnyama aliyefungwa gizani mifupa yake hulegea. Yeye, muuza supu, huipasua mifupa kila siku, anaijua. Jua ndilo linalokaza mfupa, na mimi nilimnyima jua mara mbili, kwa kitanda na kwa kopo. Akaniambia nitumie maji ya uvuguvugu na kitambaa laini. Nisithubutu kugusa kisu wala mafuta ya taa. Nimwekee beseni la maji yasiyopita kidevu, anywe. Nimtoe asubuhi, na kivuli kiwe karibu aende mwenyewe akichoka na joto.

"Atapona?"

"Sijui. Mimi huwaona wakishakufa tu."

Nilianza jioni hiyo. Asubuhi na jioni nilikaa uani na beseni, nikasugua mstari mmoja mmoja kwa ncha ya kitambaa. Polishi ilitoka kidogokidogo, maji yakawa mekundu, na moyo wangu haukuyapenda maji yale. Kazi hiyo ndiyo iliyonifundisha kumtazama. Niliona kwamba kifua chake hakipandi wala hakishuki kama changu. Hakiwezi, kimekuwa ukuta. Ukitulia utaona pale makwapani ngozi inaingia na kutoka, miguu ya mbele inasogea kidogo, inasukuma hewa. Siku zote nilidhani anatikisika tu. Alikuwa anavuta pumzi.

Siku ya sita aliingiza pua majini akanywa. Alikunywa muda mrefu, koo likipanda na kushuka, nikahesabu mpaka nikapotea hesabu. Siku ya kumi na moja jicho moja lilifunguka, jeusi, likaniangalia. Baadaye akauma jani la sukuma wiki, akaliacha, akarudi akaliuma tena. Nilikimbia kwa Zuhura nikamkumbatia, akanisukuma akaniuliza nina wazimu gani.

Nyanya alirudi siku tatu kabla ya Idd. Alishuka akiwa ameshikwa mkono. Daktari alikuwa amesema wamechelewa. Hakueleza zaidi ya hapo, alivua buibui, akakaa kizingitini, akasema, "Nipe Mwinyi wangu."

Nikamweka mapajani kwake. Ukucha ukaanza safari yake. Ulipita mstari wa njaa, ukapita wa Mama, ukapita wangu, ukafika pembeni, ukasimama. Polishi iliyokuwa imezama kabisa katika mstari mpya wa pembeni sikuweza kuitoa. Kila kipande cha gamba kilikuwa na uzi mwekundu umekizunguka. Aliukwaruza kidogo, akakileta kidole puani.

"Nani?"

Ningeweza kusema Zuhura. Niliwaza hivyo, sitawaficha.

"Mimi, Nyanya. Nilitaka ukirudi umwone anang'aa."

Nilingoja kofi, na ningelipokea. Badala yake alitafuta mkono wangu, akauweka bapa juu ya gamba, akauburura polepole kwa mkono wake mwenyewe, kuelekea nyuma. Mwinyi akanyoosha miguu ya nyuma, akainua kiuno, akakisogeza huku na huku chini ya viganja vyetu.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Na yeye alikuwa akikusikia," Nyanya alisema. "Jumamosi zote."

Hakulitaja tena jambo hilo mpaka alipofariki.

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, ndipo nilipoelewa kile alichonifanyia. Kofi ningelisahau kabla ya Idd. Na ndipo nilipoelewa ile fsss. Mwinyi hakuwa akinipisha. Mtu akiguswa asipotaka kuguswa, na hana kauli, hana mlango wa kukimbilia, huvuta ndani kila kinachovutika na kungoja umalize. Nimewaona watu pia wakifanya hivyo, wengine ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na si kila mara niliacha kusugua.

Mwinyi yuko hai. Yuko Shauri Moyo kwa mdogo wangu, aliyezaliwa baada ya mambo haya, na Idd hatukosi kwenda. Ule mstari mwekundu haukutoka. Amekua kuuzunguka, mistari mipya ikiongezeka nje yake, mpaka sasa umebaki ndani kabisa. Rangi yake mimi siioni siku hizi. Ukungu wa Nyanya umenifikia na mimi. Ninautafuta kwa ukucha. Naujua kwa kuwa umebana kuliko mingine yote.

Mwaka huu kitukuu wangu wa Kayole aliniinamia. "Shosh, kwani unatafuta nini hapo?"

"Jumamosi zangu," nikamwambia.

Kisha nikamwomba anisaidie kumbeba Mwinyi, tukamrudisha juani.