Kopo la Biskuti la Bi Mkasi

Hebu mwone anavyoingia: mwanamke mfupi, tepu ya kupimia shingoni, anausukuma mlango wa duka lake la kushonea kwa nyonga kwa sababu mikono imejaa vitambaa. Majirani wanamwita Bi Mkasi, maana mkasi wake ukishapita, umepita, hakuna kurudia. Kabla hajaketi vizuri, mkono umeshafika kwenye kopo la biskuti kando ya cherehani.

Ndivyo alivyozoea. Mshono mmoja, biskuti moja. Chakula cha mchana kilikuwa soda na biskuti tena, "ili kazi isilale." Kumbe aliyekuwa akilala ni fundi. Alasiri kichwa kilijaa pamba, na dawa aliyoijua ni biskuti nyingine. Utamu nao haushibishi; huita mwenzake.

Mchana mmoja alikata kitambaa cha koti la mwalimu mmoja, mteja wake. Alipoviweka vipande pamoja, akaona kosa: mikono yote miwili ya koti ilikuwa ya kushoto. Alisahau kuigeuza karatasi ya kukatia alipofika mkono wa pili.

Akauweka mkasi chini. Mama yake alianza hivihivi, kusahau kidogo kidogo, hadi akawasahau wanawe.

"Wifi," akamwambia dada wa mumewe, anayemsaidia kutia vifungo na kupiga pindo, "chukua huu mkasi. Mimi akili inanitoka."

Wifi hakuinua macho. "Inatoka kwenda wapi? Mbona asubuhi huwa ipo? Akili gani hiyo inayosubiri ule biskuti ndipo iage?"

"Usinitanie, mwenzio nina hofu."

"Sikutanii. Nakuangalia kila siku. Asubuhi, ukitoka kula nyumbani, hukosei hata uzi. Kula kama watu kwanza. Ukikosea umeshiba, mkasi nitauchukua, na duka juu yake."

Kesho yake wifi alikuja na bakuli la maharage, mboga za majani na mayai ya kuchemsha, akamsimamia kama mtoto. Biskuti akazitia kwenye mfuko wa kwenda nao kwake, kopo akalijaza vifungo. Bi Mkasi akamaliza mshono, mkono ukaenda wenyewe, na kifungo kikafika mdomoni kabla hajatambua. Walicheka mpaka wakafutana machozi kwa vipande vya bitana.

"Afadhali hicho hakiyeyuki," wifi akasema.

Mwanzoni haikuwa rahisi. Bi Mkasi alikuwa mkali kama pilipili, akagombana hata na bobini, kile kigurudumu cha uzi cha cherehani. Polepole hamu ikalegea, na kichwa kikaanza kukaa naye hadi jioni. Akanunua kitambaa kingine, akaikata upya mikono ya koti, saa zilezile za alasiri alizokuwa akiziogopa. Wa kulia ukawa wa kulia. Mwalimu akajigeuzageuza mbele ya kioo, asijue lolote.

Kama mama yake naye angesaidika hivyo, hajui, wala hajidanganyi. Anachojua ni kwamba mkasi bado ni wake. Kila bakuli linapofunuliwa husema "asante, wifi" kimoyomoyo, maana akisema kwa sauti atataniwa mpaka wafunge duka.

Lakini mazoea yana mizizi. Mpaka leo, mshono ukiisha, utasikia vifungo vikilia koponi. Na wewe unayesoma, mkono wako huwa unakwenda wapi kabla hujautuma?